Sura ya 6: Anza na Betri

Mtoto aliye Lubumbashi, Kigoma, Oslo au Salt Lake City anapoamua kumnunulia mzazi wake wa Baraka kompyuta, huanza na swali la dukani: ipi nzuri, na ni pesa ngapi? Swali ni la haki, ila limekuja mapema. Katika eneo lote la Fizi, mashariki ya Congo, kuanzia Baraka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hadi Fizi-Centre kule milimani, kompyuta huchaguliwa kuanzia pale umeme unapoingilia nyumbani.

Umeme wa mto Ruzizi unafika Uvira, nako hukatika mara kwa mara. Baraka iko kusini zaidi, kama kilomita 90 kwa barabara ya taifa namba 5, na huko nyumba nyingi huishi kwa paneli moja au mbili juu ya bati, betri kwenye kona ya sebule, na pengine waya kutoka kwa jirani mwenye jenereta inayowashwa jioni. Betri hiyo ina kazi zake tayari. Inawasha taa, inachaji simu za nyumba nzima na za majirani wawili watatu, na siku ya mpira inabeba televisheni. Kompyuta inakuja kama mgeni anayeongezwa kwenye sinia moja. Kwa hiyo kabla ya kutazama tangazo lolote, mpigie mzazi umuulize habari za betri.

“Mama, ile betri ya mwaka jana ingali nzima?”

“Iko, mwanangu, lakini haishiki tena. Tukiwasha taa saa moja, saa tatu imekwisha.”

Hapo mtoto amekwisha kujua jambo ambalo muuzaji wa kompyuta hawezi kumwambia. Hata akituma mashine ya dola 500, mama ataitumia kwa dakika chache, kisha chumba kitaingia giza na watu wa nyumbani wataanza kuilaumu kompyuta.

Hesabu yake haihitaji injinia. Kompyuta ya mezani ya zamani, lile sanduku kubwa ambalo watu huliita CPU, hula kama wati 70 katika kazi za kawaida. Skrini bapa ya inchi 19 hula kama wati 20. Jumla 90, na inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220 hujikatia sehemu yake, kwa hiyo betri inatoa kama wati 100. Mzee akikaa mezani saa tatu, amekula wati-saa 300. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kali hutoa wati-saa 500 kwenye karatasi, lakini joto, vumbi na waya nyembamba vikishachukua chao, zinazofika kwenye betri ni kama 350. Maana yake ni kwamba lile sanduku limemaliza karibu jua lote la siku nzima. Taa za usiku zitatoka wapi? Na hapo tumehesabu siku ya jua. Kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi mvua zinapoanza, kuna siku paneli hiyo hiyo haitoi hata nusu.

Betri nayo ina hesabu yake. Iliyoandikwa volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi kama zile za gari, ukiikausha kupita nusu kila siku unaiua ndani ya miezi. Kwa hiyo ya kutumia ni 600 tu. Za lithiamu huvumilia kukaushwa zaidi na huishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ya kuanzia huuma.

Sasa weka pembeni lile sanduku uchukue kompyuta ndogo ya ofisini, zile ambazo Dell huziita OptiPlex Micro, HP huziita EliteDesk au ProDesk Mini, na Lenovo huziita ThinkCentre Tiny. Ni kisanduku cha kama sentimita 18 kwa 18, unene sentimita tatu na nusu, uzito kilo moja na kitu. Katika kuandika barua, kusoma na kutazama picha hula wati 10 hadi 20. Pamoja na skrini na makato ya inveta, weka 45. Saa tatu ni wati-saa 135. Paneli ile ile sasa inalisha kompyuta na bado zaidi ya nusu ya jua inabaki kwa taa na simu. Mtu asidanganywe na chaji yake iliyoandikwa wati 65. Hicho ni kiwango cha juu ambacho chaji inaweza kutoa, wala sicho mashine inachokula kila dakika.

Vidude hivi havikutengenezwa kwa ajili yetu. Vilitengenezwa kwa benki, hospitali na ofisi za serikali za Ulaya na Marekani, ambazo huvinunua kwa maelfu, huvitumia miaka minne au mitano, kisha huvitoa vyote kwa mpigo na kuweka vipya. Ndiyo maana mtumba wake ni mwingi na bei yake ni ya chini kuliko unavyotazamia: huko ughaibuni kimoja kizima huzunguka kati ya dola 80 na 150. Kimefanya kazi kwenye chumba chenye kiyoyozi, chini ya fundi wa kampuni, na kimefunguliwa mara chache sana. Ningechukua hicho kuliko kompyuta mpya ya bei hiyo hiyo, ambayo kwa kawaida imebanwa kila mahali ili ifikie bei hiyo.

Lakini kwanza, mzazi anaihitaji ya nini? Simu anayo. Anapokea M-Pesa au Airtel Money, anaongea na wajukuu kwa WhatsApp, anasikiliza mahubiri. Kama hayo ndiyo yote, usinunue kompyuta, mnunulie simu yenye kioo kikubwa na umalizie fedha kwenye paneli. Sisemi hivyo kwa dhihaka. Kompyuta inayowekwa sebuleni ifunikwe kitambaa cha kufuma ni fedha iliyolala.

Wapo wazazi wengine, na Fizi inao wengi. Mwalimu mstaafu aliyebaki kuwa mwandishi wa kila mkutano. Mama wa ushirika wa wakulima anayeweka orodha ya wanachama na michango kwenye daftari la kurasa 200 lililolowa mara moja na kukaushwa juani. Mzee wa kanisa, awe wa CEPAC, CELPA, Methodisti au parokia ya Kikatoliki, anayeandaa ripoti, vyeti vya ubatizo na nyimbo za kwaya. Hao leo wakitaka ukurasa mmoja wanatembea hadi kwenye kibanda cha kuchapa na kufotokopi, wanalipa kwa ukurasa, wanasubiri zamu, na kosa likionekana baada ya kuchapwa wanalipa tena. Na barua ya siri ya kanisa imesomwa na kibanda kizima. Kwa watu hao kibodi na skrini ya mezani vina kazi tangu siku ya kwanza. Kuna pia suala la macho: herufi zinazosomeka kwa mtu wa miaka 65 haziingii nyingi kwenye kioo cha simu, ilhali skrini ya inchi 19 inaonyesha ukurasa mzima kwa herufi kubwa bila kusukumwa kushoto na kulia.

Fizi ina sababu nyingine ya pekee. Watu wake wametawanyika. Vita vya 1996 na vya 1998 vilivusha wengi ziwa hadi Kigoma, wakakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia 2005 shirika la UNHCR lilianza kuwarudisha maelfu kwa meli, MV Mwongozo ikiwatoa Kigoma na kuwashusha Baraka. Wengine hawakurudi, walipelekwa Marekani, Kanada, Australia na nchi za Ulaya. Ndiyo sababu karatasi za familia moja leo ziko katika mabara matatu: kadi za ukimbizi, vyeti vya shule za kambini, picha za harusi, hati za shamba. Mzazi aliye nyumbani ndiye mtunzaji wake, na kazi ya kuzipiga picha, kuzipa majina na kuzipanga kwa miaka haifanyiki vizuri kwenye simu.

Tukishakubaliana kwamba kompyuta inafaa, soma namba. Karibu kila mashine ya Intel ina jina la prosesa lililoandikwa hivi: i5-6500T, i5-8500T, i3-10100T. Tazama tarakimu moja au mbili za mwanzo baada ya kistari. Sita ni kizazi cha sita, nane ni cha nane, na kumi ni cha kumi. Herufi T mwishoni inasema prosesa imetengenezwa kula umeme kidogo, na kwa Baraka herufi hiyo ina thamani kuliko tofauti kati ya i3 na i5. Kizazi nacho si cha kupuuza, kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kizazi cha nane au zaidi kwa Intel. Wauzaji wanalijua hilo. Mashine za kizazi cha sita na cha saba zinamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, na muuzaji atakuwekea Windows 11 kwa njia ya mkato, ikuonyeshe uso mpya, halafu siku moja sasisho ligome. Ukiwa na fedha, chukua kizazi cha nane. Ukiwa huna, chukua cha sita ukijua unachokichukua, na uweke Linux Mint.

Juu ya Linux nina msimamo mmoja tu: muulize fundi wa mtaa. Ni programu nzuri, ya bure, nyepesi, na virusi vinavyosafiri kwa flashi haviiwezi. Mtu yeyote aliyepeleka flashi kwenye kibanda cha kuchapa akarudi nayo nyumbani akakuta mafaili yote yamegeuka vijialama visivyofunguka anajua uzito wa jambo hilo. Lakini mzazi hatampigia simu mwandishi wa Linux. Atampelekea kijana fulani wa Baraka anayetengeneza simu na kompyuta kwenye meza moja karibu na soko, na kijana huyo asipoijua, jambo lake la kwanza litakuwa kuifuta na kuweka Windows ya kunakili, pamoja na virusi vyake. Basi mjue kijana huyo kabla ya kununua. Mtumie salamu, muulize amezoea nini. Atakachosema yeye kina nguvu kuliko ushauri wa kitabu hiki.

Memori iwe GB 8. Nne zinatosha kuandika, lakini ukifungua intaneti na kurasa tano mashine inaanza kuburuta miguu. Kumi na sita ni anasa. Jambo lisilo na mjadala ni diski. Usikubali diski ya kuzunguka, ile ya zamani yenye sahani ndani. Taka SSD, hata ya GB 128 au 256. Umeme wa betri ukikatika ghafla katikati ya kazi, diski ya kuzunguka inaweza kukwaruzwa na sindano yake. Barabara ya Baraka kwenda Fizi-Centre wakati wa mvua, pikipiki ikiruka kutoka shimo hadi shimo, ni adhabu nyingine kwa sahani hizo. SSD haina kinachozunguka, hula umeme kidogo, na ndiyo inayofanya mashine ya miaka saba iwake kwa sekunde chache badala ya dakika tatu. Kama fedha inakubali kuboresha kitu kimoja tu, kiwe hicho.

Vidude vya ofisini vina mapungufu ambayo tangazo halitaji. Vingi havina Wi-Fi. Ofisini vilichomekwa waya wa mtandao ukutani, kwa hiyo kampuni hazikulipia kadi ya Wi-Fi. Baraka hakuna waya ukutani. Intaneti ni simu yenye Vodacom, Airtel au Orange. Tafuta kilicho na Wi-Fi, au ongeza kijidude cha USB cha bei ndogo, au mfundishe mzazi kuunganisha simu kwa waya wake wa chaji na kuwasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Njia hii ya mwisho ina faida ya pembeni, kwani simu inachajiwa wakati huo huo. Pia tazama matundu ya skrini nyuma. Baadhi ya mini za HP zina DisplayPort mbili na hazina VGA, wakati skrini ya mtumba utakayoipata Baraka au Uvira huenda ina VGA peke yake. Adapta ni kitu kidogo kama kidole, lakini bila hicho kifurushi kilichovuka bahari kinakaa mezani bila kuonyesha kitu. Kamera haimo. WhatsApp ya video itaendelea kuwa kazi ya simu, na hilo halina ubaya. Ujumbe wa maandishi na mafaili mama ataupata kwenye kompyuta, simu ikishaunganishwa nayo mara moja, hata kama simu imezimika kwa siku kadhaa.

Kibodi ni jambo dogo linalokasirisha wazee kuliko yote. Aliyejifunza taipureta katika shule ya Congo amejifunza mpangilio wa Kifaransa, ule unaoanza na A-Z-E-R-T-Y. Mashine inayotoka Dubai, Marekani, Dar es Salaam au Kampala inakuja na mpangilio wa Kiingereza, Q mahali pa A, W mahali pa Z, na herufi zenye alama za Kifaransa hazionekani popote. Kibodi ya Kifaransa ni ya dola chache, agiza kutoka Ubelgiji au Ufaransa, au hata Bujumbura. Kisha badilisha pia mpangilio ndani ya programu, maana kununua kibodi bila kubadilisha mpangilio ni kumfanya mzee abonyeze A aone Q, na ajilaumu. Lugha ya programu yenyewe? Kiswahili kipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, zikaitwa Jambo OpenOffice, na Windows nayo imewahi kuwa na sura ya Kiswahili. Lakini aliyefundisha miaka thelathini kwa Kifaransa, akaandika kila ripoti kwa Kifaransa, atayatambua maneno ya menyu kwa lugha hiyo upesi zaidi, na kijana wa sokoni pia. Weka Kifaransa, mwache aandike Kiswahili au Kibembe anavyotaka.

Nikifika hapa lazima nionye juu ya swichi nyekundu. Masanduku makubwa ya zamani kutoka Marekani huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapochomekwa, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Marekani umeme ni volti 120. Kwetu ni 220. Swichi ikiachwa kwenye 115, ukichomeka kwenye inveta au jenereta unasikia mlio mmoja, unanusa moshi, na safari ya miezi miwili imeishia hapo. Mini hazina swichi hiyo. Chaji yake, inayofanana na ya kompyuta ya mkononi, imeandikwa 100-240V na inakubali popote. Inabaki kubadilisha waya wa mwisho tu, kwa sababu plagi ya Kimarekani yenye pini bapa haiingii kwenye soketi zetu.

Inveta yenyewe isiwe ile ya bei ya chini kabisa inayotoa umeme wa ngazi ngazi, ambayo ukisikiliza vizuri chaji inanguruma na kupata joto. Taka yenye mawimbi safi, ya wati 300 inatosha kwa mini, skrini na taa kadhaa. Na radi. Mashariki ya Congo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani. Wingu likianza kunguruma upande wa rasi ya Ubwari, mfundishe mzazi kuchomoa waya kabisa, kuzima swichi hakutoshi.

Njia ya kufikisha. Tangu Bukavu iliposhikwa na waasi wa M23 mwezi wa pili 2025, kutegemea bidhaa za kutoka kaskazini ni kubahatisha. Ziwa ndiyo njia iliyobaki na uzoefu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na hadi leo mzigo wa Dar es Salaam hushuka Kigoma, ukaingia kwenye boti za mbao za mwalo wa Kibirizi, ukavuka. Mtumba wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, unatoka Dubai na Ulaya, kwa hiyo aliye Tanzania anaweza kununua huko huko, akaiona ikiwaka kabla ya kulipa. Congo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini forodha ya Congo bado ina haki ya kuuliza, kwa hiyo risiti iende pamoja na mzigo, imeandikwa kwamba ni kitu cha mtumba na bei yake halisi. Mini ina sifa hapa pia, maana inaingia katika begi la mgongoni la ndugu anayesafiri, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki dhidi ya mawimbi. Skrini ndiyo mzigo mgumu. Kioo chake hakivumilii kukaliwa, na kwa kawaida ni afadhali kuinunua Uvira au Baraka penyewe hata kama imezidi dola kumi.

Kompyuta ikifika, tarehe yake huenda ikasema 2018 au mwaka mwingine wowote. Kuna betri ndogo bapa kama sarafu ndani, CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kila asubuhi kompyuta inaamka ikiwa miaka ya nyuma, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka zikidai usalama una kasoro. Watu wamewahi kubadilisha simu, laini na fundi kwa tatizo la betri ya sarafu. Tuma mbili za akiba. Hata ikiwa nzima, saa iliyopangwa Dar es Salaam itakuwa mbele kwa saa moja, kwani Baraka iko saa moja nyuma ya Kigoma.

Mwezi wa kwanza zima masasisho ya kujileta yenyewe, au iambie Windows kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Sasisho moja linaweza kumeza kifurushi cha mwezi cha mama wakati yeye anasoma barua pepe. Kijana wa sokoni afanye masasisho mara moja baada ya miezi kadhaa mahali penye mtandao mzuri. Na kitambaa cha kufuma kiondolewe mashine inapowaka, maana matundu yake ya pembeni ndiyo pua yake.

Nani anauliza kwa nini usinunue kompyuta ya mkononi? Wengi, na wana hoja. Ina betri yake, skrini yake, kamera yake, na katika nchi ambamo watu wamewahi kuondoka usiku mmoja na walichoshika mkononi, kinachobebeka kina thamani. Mtu anayehamahama, au anayeishi mahali pa wasiwasi kama barabara za kuelekea Misisi na migodi yake ya dhahabu, achukue hiyo. Lakini kompyuta ya mkononi ya mtumba huja na betri iliyochoka, na kioo kikipasuka au herufi tatu za kibodi zikifa, kuitengeneza ni karibu bei ya nyingine. Ya mezani ikifa kibodi, unanunua kibodi. Ikifa skrini, unanunua skrini. Na ile mini, siku ya kukimbia, mtu anachomoa waya mbili akaitia begini na karatasi zote za familia zikiwa ndani. Skrini ibaki.

Raspberry Pi nayo ina watetezi. Pi 400, kompyuta nzima ndani ya kibodi, ilitoka Novemba 2020 kwa dola 70 na inakula wati chache tu. Kwa shule au kwa mtoto anayependa kuchokonoa ningeinunua kesho. Kwa mzee, hapana. Kadi yake ya kumbukumbu haipendi umeme wa kukatika, na kijana wa sokoni hajaizoea.

Kwa hiyo ukiwa na dola 300 za kumnunulia mzazi wa Baraka, weka 120 kwenye mini ya kizazi cha nane yenye SSD, 40 kwenye skrini ya mtumba, 20 kwenye kibodi ya Kifaransa, mausi, adapta na betri mbili za sarafu. Zinazobaki 120 usiziongeze kwenye prosesa wala memori. Zipeleke kwenye betri ya sebuleni na inveta.